Giza Si Kufuli

Kila nyumba yenye mali ndani yake huhitaji mambo matatu usiku: taa izimwe, mlango ufungwe, na mlinzi akeshe. Taa huzimwa ili mafuta yasiteketee bure. Mlango hufungwa ili asiyehusika asiingie. Mlinzi hukesha ili mwenye haja ya haki akibisha apate mtu wa kumwitikia. Mambo haya hayafanani, wala moja haliwezi kufanya kazi ya jingine. Mwenye nyumba akizima taa na kuacha mlango wazi, kisha akajisifu kuwa amefunga nyumba, majirani watamcheka. Akimwamuru mlinzi alale kwa sababu taa imezimwa, watasema ana wazimu. Na mtu aliyechoshwa na usingizi wa mlinzi wake, kisha kwa hasira akang'oa kufuli la mlango, huyo hatachekwa tena, atahurumiwa.

Walakini, msomaji, makosa haya matatu hutendwa kila siku katika shule zetu na afisi zetu, na watendao si wajinga. Hutendwa juu ya kompyuta iitwayo seva. Nataka kukuonyesha jinsi yatendwavyo, na kukupa hoja za kuyakataa, kwa kuwa si ajabu wewe usomaye leo ukakabidhiwa ulinzi wa seva kesho.

Seva ni kompyuta iliyowekwa kuzitumikia kompyuta nyingine. Kompyuta ya kawaida hufanya kazi ukiwa mbele yake. Ukiondoka, haina shughuli. Seva ni kinyume cha hayo. Aghalabu hapana mtu mbele yake, na hapo ndipo inapofanya kazi nyingi zaidi. Mhasibu yu chumba cha pili, aitaka hesabu ya karo. Mwalimu yu maabarani, aitaka orodha ya darasa. Mkutubi atafuta kitabu kilichoazimwa. Wote huitegemea, wala hapana hata mmoja wao auonaye uso wake. Katika shule nyingi seva si mashine ya fahari. Ni kompyuta ya mezani iliyopewa kazi hiyo, ikawekwa pembeni mwa afisi pamoja na skrini yake. Skrini hiyo ndiyo iletayo fitina.

Nasema kama mkosaji, si kama hakimu. Katika shule moja ya bweni nilikofundisha, ambayo sina haja ya kuitaja, nilipewa ulinzi wa seva ya alama za wanafunzi. Mipangilio yake ilikuwa ile ile iliyotoka nayo dukani. Baada ya mtihani wa katikati ya muhula, walimu sita walikaa jioni kuingiza alama, kila mmoja mezani pake. Hapana aliyeigusa kibodi ya seva, maana haikuwa kazi yao kuigusa. Baada ya nusu saa seva ikajihesabu kuwa haina shughuli, ikalala. Kompyuta zote sita zikapoteza njia mara moja, na mwalimu aliyekuwa amejaza alama za darasa zima bila kuzihifadhi akapoteza kazi ya saa nzima. Maneno niliyoambiwa jioni ile yalinichoma.

Nikaiendea seva kwa hasira. Nikakuta mipangilio mitatu: skrini izimike baada ya muda gani, kompyuta ilale baada ya muda gani, na skrini ijifunge kwa neno la siri baada ya muda gani. Sikupambanua. Nilichagua "kamwe" mara tatu. Seva haikulala tena, na walimu wakanishukuru. Usiku na mchana skrini ile iliwaka, na daftari la alama limefunguka juu yake kwa jina langu, jina lenye mamlaka ya kubadili kila kitu.

Wiki iliyofuata, kabla ya ripoti kuchapwa, mvulana wa kidato cha tatu alitumwa afisini kuchukua ramani. Hakumkuta mtu, alikuta skrini iwakayo. Akasoma, akatafuta jina la rafiki yake, akaona alama 38 za Hisabati, akazifanya 58. Haikumchukua dakika mbili. Hakuvunja mlango, hakuiba neno la siri, hakujua hila yoyote ya kompyuta. Alijua kusoma na kuandika, elimu ambayo sisi wenyewe tulimpa.

Mwalimu wa Hisabati alipolinganisha na karatasi zake, uwongo ukadhihiri. Kumbukumbu za programu zilipofunguliwa zilisema ya kuwa aliyebadili ni mimi, saa 4 na dakika 10 asubuhi. Wakati huo nilikuwa darasani mbele ya wanafunzi 45, nao ndio walioniokoa. Mvulana alipoulizwa alikiri, akarudishwa nyumbani wiki mbili. Mimi niliambiwa niwe mwangalifu. Hiyo ndiyo adhabu yangu yote, na tangu siku ile sijapata kuiona haki katika hukumu ile.

Kosa langu lilikuwa kutoa dawa moja kwa maradhi matatu, tena mawili kati ya hayo hayakuwa maradhi. Nadhani hata lugha yetu hutusaidia kukosea. Karani husema, "Nimefunga kompyuta," naye ameizima. Fundi husema, "Nimeizima," naye amezima skrini tu. Mwingine husema, "Imelala," kumbe skrini ni nyeusi lakini mashine i macho. Basi na tuyatenge maneno haya kabla ya kuyatenga mambo yenyewe. Kuzima skrini ni kuondoa mwanga wake tu. Kulaza mashine ni kuisimamisha kazi. Kufunga skrini ni kuweka neno la siri kati ya mgeni na kazi iliyofunguliwa.

Tuanze na kuzima. Skrini za zamani zilikuwa za kioo kizito, na picha iliyokaa mahali pamoja muda mrefu iliweza kuunguza rangi iliyopakwa ndani ya kioo, ikaacha kivuli kisichofutika. Ndipo zilipotungwa programu za kuchezesha picha juu ya skrini isiyotumiwa, ili mwanga usitulie mahali pamoja. Baadaye, mwaka 1993, chama cha watengenezaji kiitwacho VESA kilitoa kanuni za kuiwezesha kompyuta kuiamuru skrini yake ipunguze umeme au izimike kabisa. Skrini ya siku hizi ni nyembamba na hutumia umeme wa wati 20 hivi. Fanya hesabu mwenyewe: wati 20 kwa saa 24, kwa siku 365, ni yuniti 175 za umeme kwa mwaka. Skrini ile ile ikizimika yenyewe hula chini ya wati 1. Na yuniti hizo 175 zimemwangazia nani? Ukuta, kiti kitupu, na mpita njia asiyehusika. Tena umeme wa taifa ukikatika, skrini iwakayo hunyonya betri ya akiba ambayo ingepasa kuilisha seva peke yake. Kwa hiyo skrini ya seva na izimike, hata baada ya dakika 10 tu. Programu haziathiriki, seva haihitaji kujitazama ili ifanye kazi.

Kulaza mashine ni jambo jingine kabisa. Hapo prosesa husimama, diski hutulia, na maombi ya kompyuta nyingine hayajibiwi. Kumbukumbu hubakiwa na umeme kidogo tu ili mashine ikiamka ijue ilipokuwa. Ni desturi njema kwa kompyuta ya mkononi inayoishi kwa betri. Kwa seva ni sawa na karani wa posta kufunga dirisha kwa sababu watu wote walio kwenye foleni wamenyamaza. Hata mabingwa wamewahi kulisahau jambo hili. Mwaka 2018 ilitolewa GNOME 3.28, mazingira ya skrini yatumiwayo sana juu ya mfumo wa Linux, nayo ikaja na desturi ya kuilaza kompyuta isiyoguswa kwa dakika 20, hata ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Watu walioiweka katika mashine za kutumikia wengine wakashangaa kuona mashine hizo zikitoweka mtandaoni. Dawa ipo, wala si ngumu. Katika Linux, amri moja ya systemctl huziba njia zote za usingizi. Katika Windows, mipangilio ya umeme ina mstari wa kuzima skrini na, karibu nao, mstari wa kulaza kompyuta. Mstari wa usingizi ndio uandikwe "kamwe". Neno hilo lina mahali pake pamoja tu katika seva, na mahali pake ni hapo.

Sasa twafika penye mlango. Wako watu wasemao ya kwamba skrini ikishakuwa nyeusi inatosha, kwa sababu hapana kinachoonekana. Giza si kufuli. Katika mifumo mingi kuzimika kwa skrini na kufungwa kwake ni mipangilio miwili mbalimbali, na waweza kuwa na mmoja bila mwingine. Nenda kwenye skrini nyeusi isiyofungwa, usogeze kipanya kidogo, na yote yaliyokuwamo yatakurudia kama yalivyoachwa. Kwa kweli giza la namna hiyo ni baya kuliko mwanga, maana mwanga humkumbusha mwenye seva kwamba ameacha wazi, na giza humwambia uwongo kwamba amefunga.

Wengine huogopa ya kuwa wakifunga skrini, kazi itasimama. Hofu hii haina msingi. Skrini iliyofungwa ni pazia lenye kufuli. Nyuma yake programu zaendelea, mhasibu apata hesabu yake, nakala za akiba zaandikwa usiku kucha. Aliyezuiwa ni mtu mmoja tu: yule aliyesimama mbele ya kibodi bila neno la siri. Lau ningalijua hili jioni ile ya hasira, ningaligusa mstari mmoja na kuiacha miwili.

Wengine husema, "Chumba kina mlango na bawabu yuko langoni." Hoja hii ina nusu ya ukweli. Yafaa chumba kifungwe, tena ni lazima, maana kufuli la skrini halimzuii mtu aliyeachwa peke yake na mashine, akaweza kuifungua kwa bisibisi au kuiwasha kwa mfumo mwingine alioubeba mfukoni. Lakini hesabu watu waingiao katika afisi ya shule kwa siku moja: mfagiaji, mzazi aletaye karo, fundi wa umeme, mwanafunzi aliyetumwa chaki. Wote wameingia kwa ruhusa. Mlango wa chumba hupambanua aliye ndani na aliye nje. Hauwezi kupambanua aliyekuja kuchukua ramani na aliye na haki ya kubadili alama. Kazi hiyo ni ya neno la siri. Na neno la siri lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi chini ya kibodi si siri. Ni ufunguo ulioachwa chini ya mkeka wa mlangoni.

Wa mwisho ni wale wasemao ya kuwa kuandika neno la siri mara kwa mara ni kupoteza wakati. Tufanye hesabu tena. Tuseme mlinzi wa seva hurudi mbele yake mara 20 kwa siku, na kila mara atumia sekunde 5 kuandika. Jumla ni sekunde 100, hata dakika mbili hazitimii. Mimi nilipoteza siku tatu katika vikao vya kueleza alama 20 zilizotoka hewani, na mvulana yule alipoteza masomo ya wiki mbili. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mlinzi wa seva anayechelea manung'uniko ya wenzake juu ya neno la siri, atakuja kunung'unika peke yake.

Muda gani basi? Kanuni za kimataifa zitumiwazo na wafanyao biashara kwa kadi za malipo, ziitwazo PCI DSS, zadai ya kuwa mtu akiacha kompyuta bila kuigusa zaidi ya dakika 15, athibitishe tena kuwa ni yeye. Basi dakika 15 ziwe kikomo cha usahaulifu wako, zisiwe ruhusa ya uvivu. Mvulana wangu alihitaji mbili tu. Kwa hiyo ukisimama, funga kwa mkono wako: katika Windows, na katika GNOME pia, ni kubonyeza vitufe viwili tu, kile chenye alama ya Windows pamoja na herufi L. Na ukiwa umemaliza kazi kabisa, usifunge tu. Toka katika akaunti yako. Kufunga ni kwa atakayerudi. Wajuzi huenda mbali zaidi wakaweka seva bila mazingira ya skrini kabisa. Mifumo mingi ya Linux ya seva husimikwa hivyo, na Windows Server imeruhusu jambo hilo tangu toleo la mwaka 2008. Seva ya namna hiyo huongozwa kutoka kompyuta nyingine. Lakini angalia, msomaji: hapo mlango umehama tu. Sasa kompyuta uliyoitumia kuiongoza seva ndiyo yenye kufungwa.

Pengine utasema nimelikuza jambo dogo, alama 20 za Hisabati. Basi tazama uzito wake katika sheria. Sheria ya Kenya juu ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, iliyopitishwa mwaka 2018, ilimwekea mtu aingiaye katika mfumo wa kompyuta bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data, yenye kuwapa wajibu wale wanaotunza habari za watu, na shule ni mmoja wao. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Zisome sheria hizi mbili pamoja. Ya kwanza yamtazama mwenye kuingia. Ya pili yamtazama mwenye kuacha wazi. Shuleni kwetu tuliikumbuka ya kwanza tukaisahau ya pili.

Na hapa ndipo ilipo hoja yangu kubwa. Husemwa kwamba kufuli ni dalili ya kutowaamini watu, na kwamba mwalimu amwaminiye mwanafunzi wake hana haja ya kumfungia kitu. Nasema hapana. Kufuli humlinda mwanafunzi kabla ya kuilinda mali. Mvulana yule hakuamka asubuhi akinuia uhalifu. Aliamka akinuia kwenda shule. Katikati ya safari ya kuchukua ramani alikutana na kishawishi kilichopangwa vizuri kama meza ya karamu, na aliyeipanga ni mwalimu wake. Umri wake ulikuwa miaka 16. Mtu mzima amwekeaye mtoto mtego bila kukusudia ameweka mtego vivyo hivyo. Kufuli humlinda pia mlinzi mwenyewe, maana kila litendwalo katika akaunti iliyoachwa wazi huandikwa kwa jina lake. Wanafunzi 45 walinishuhudia mimi. Wewe siku yako waweza kuwa peke yako.

Basi siku utakapokabidhiwa seva, iwe ya shule, ya zahanati au ya chama cha ushirika, usiikimbilie orodha ya mipangilio kwa hasira kama nilivyofanya. Keti, ujiulize maswali matatu, moja baada ya jingine. Nani aitazama skrini hii sasa? Kama hapana, izimike. Nani aitegemea mashine hii sasa? Kama yuko hata mmoja, isilale. Nani aweza kufika mbele yake nisipokuwapo? Kama yuko hata mmoja, ifungwe.

Mvulana yule alirudi shuleni baada ya wiki mbili, akaketi kiti cha nyuma, na muda mrefu hakuinua mkono darasani mwangu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa sikuona njia nyingine ya kulipa sehemu yangu ya kosa. Kisha nikaenda kwenye seva, nikaufuta "kamwe" mmoja, nikaufuta wa pili, nikauacha wa tatu.